Hans Cory, Mtu wa Maswali

Kila mwaka wanachuo wetu hutoka hapa Kibeta na karatasi za hojaji mikononi, wakaingia katika vijiji vya Bukoba na Muleba kuwauliza wazazi, wazee na walimu wenzao. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni mambo ya vyuoni tu, iliyoanza na vitabu vya mbinu za utafiti. Sivyo. Watu wa sehemu hizi waliwahi kuulizwa maswali kwa mpango maalumu zamani sana, na majibu yao yakapangwa kwa mafungu yenye namba na kuchapishwa London mwaka 1945. Kitabu hicho kilihusu sheria za mila za Wahaya, nacho kiliandikwa na Hans Cory pamoja na mwenzake M. M. Hartnoll. Tumeona vema kuyaeleza maisha ya Cory katika ukurasa huu wa mbinu, kwa kuwa majibu aliyoyapokea hayakubaki katika rafu za maktaba. Yaliingia mahakamani, yakaamua nani anaweza kuuza kibanja na nani hawezi.

Cory alizaliwa Vienna, Austria, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake la kwanza lilikuwa Hans Koritschoner. Alikuja Afrika ya Mashariki akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kazi za mashamba. Hakutumwa huku na idara yoyote ya chuo kikuu. Alijifunza kuuliza kwa kuishi na watu, kwa kukaa nao jioni na kusikiliza nyimbo zao.

Wasomaji wa fasihi ya Kiingereza wamekwisha kukutana naye bila kumjua. Mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway, alipokuwa akiwinda tandala Tanganyika katika msimu wa 1933 na 1934, alikutana na Mwaustria ambaye lori lake lilikuwa limeharibika njiani. Katika kitabu Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935, mtu huyo ameitwa Kandisky, naye ndiye huyu Koritschoner. Mwindaji anataka kuzungumza juu ya pembe za tandala. Mgeni wake hajali uwindaji hata kidogo, anauliza maswali juu ya vitabu na waandishi. Kwetu sisi hiyo ni picha nzuri ya mtafiti, ingawa sharti tukiri kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuchosha akiwa mgeni wako.

Mwaka 1936, bado akitumia jina lake la zamani, alichapisha makala yenye kichwa Ngoma ya Sheitani, kuhusu ngoma za kuwatibu watu waliosemekana kupagawa. Baadaye, sasa akiitwa Cory, aliandika juu ya jando, juu ya vyama vya wacheza nyoka na michoro ya kutani mwao, na juu ya sanamu ndogo za udongo zilizotumiwa kufundishia vijana katika unyago na jando miongoni mwa Wanguu na makabila mengine. Kitabu chake kuhusu sanamu hizo kilitoka mwaka 1956. Hayo ni mambo ambayo hayapatikani kwa kugonga hodi na kalamu mkononi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na maana yake ilijulikana kwa waliokwisha kuingia tu. Mtu wa nje akiuliza siku ya kwanza ataambiwa ni kitu cha kuchezea watoto, naye ataandika hivyo hivyo na kuondoka ameridhika. Wanachuo wanaolalamika kwamba watu wa kijijini hawasemi kweli wangezingatia jambo hili: mara nyingi jibu la kwanza ni salamu tu, na mahojiano yenyewe hayajaanza.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri Cory katika kazi za elimu ya jamii, na cheo chake kikawa mtaalamu wa jamii wa serikali. Hapo ndipo maswali yake yalipobadilika. Serikali ilitawala kwa kupitia watawala wa jadi, na mahakama za wenyeji zilihukumu kwa mila; wakuu wa wilaya waliosikiliza rufaa walitaka kujua mila hizo ni zipi. Wilaya ya Bukoba, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Muleba ya leo, ilikuwa na mashauri mengi ya ardhi. Kibanja chenye migomba na kahawa kilikuwa mali kubwa. Tena palikuwa na nyarubanja, utaratibu uliowaweka wakulima chini ya mabwana wa ardhi, ambao ulifutwa kwa sheria baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960.

Njia ya Cory ilikuwa kuwakutanisha watawala na wazee, kuweka mbele yao jambo moja moja, na kuliacha lijadiliwe. Uzuri wa njia hii unaonekana katika sehemu ya urithi. Mtafiti mvivu angeuliza tu mali ya marehemu hugawanywaje, akajibiwa kwamba wana ndio hurithi, yakaisha. Lakini swali likivunjwavunjwa, kwamba marehemu ameacha wana watatu, au ameacha mabinti tu, au ameacha mjane asiye na mtoto, basi ndipo yanapojitokeza majina ambayo kila Mhaya mzima anayajua na hakuna mgeni ambaye angeyabuni: musika, mrithi mkuu, kisha mainuka na kyagati, kila mmoja na fungu lake. Katika hojaji zetu pia swali la jumla huzaa jibu la jumla. Anayetaka kujua kwa nini watoto hawafiki shuleni asiulize sababu za utoro. Na aulize juu ya mtoto mmoja, wiki iliyopita, siku ya gulio: alikuwa wapi, nani alimtuma, nani alibaki na mdogo wake.

Hata hivyo, kati ya swali la kutunga na tukio halisi ipo tofauti ambayo haina budi kuangaliwa. Tukimwuliza mzee ikiwa mwanamke aweza kuwa na kibanja cha ukoo, atatueleza kanuni. Tukimwuliza katika kijiji chake ni vibanja vingapi vinavyopaliliwa na wajane, nani aliuza kahawa ya mwaka jana na fedha ilishikwa na nani, atatueleza maisha. Mara nyingi majibu hayo mawili hayafanani, na mzee hakusema uongo katika lolote kati yao. Kanuni ni jinsi watu wanavyopenda mambo yawe. Kitabu cha sheria huchukua jibu la kwanza, na jibu la pili hubaki shambani.

La pili ni nani aliyekuwa kwenye kikao. Watawala na wazee wanaume ndio waliokuwa wenye kusema mbele ya serikali. Kwa hiyo habari za mjane zilielezwa na shemeji zake, habari za binti zilielezwa na baba zake wadogo, na habari za mpangaji wa nyarubanja zilielezwa mbele ya bwana wake. Aliyeuliza naye alikuwa mtumishi wa serikali iliyowaweka watawala hao madarakani au kuwaondoa. Hatusemi kwamba Cory alidanganywa. Alikuwa mjuzi mno wa watu kudanganyika kwa urahisi. Tunasema kwamba katika mkutano wa namna ile mtu hata akiulizwa vizuri hujibu akijua nani anamsikia. Jambo hili tunaliona hata leo, mwanachuo anapomhoji mwalimu wa darasa la tatu mbele ya mwalimu mkuu.

La tatu ni lugha. Maneno ya Kihaya yaliishia katika kitabu cha Kiingereza, na katika safari hiyo kuna maneno yanayoingia nyembamba na kutoka mapana. Kutumia shamba, kulitunza kwa niaba ya ukoo, kulimiliki: mipaka ya mambo hayo haiko mahali pamoja katika kila lugha. Hojaji iliyoandikwa kwa Kiswahili chuoni na kuulizwa kwa Kihaya mlangoni mwa nyumba ni hojaji mbili. Ni afadhali ile ya Kihaya iandikwe nayo, na mtu mwingine aifasiri kurudi katika Kiswahili kabla ya siku ya safari, ionekane kama maswali ni yale yale.

Cory aliendelea na kazi hiyo Usukumani. Kitabu chake kuhusu sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Aliandika pia kwa Kiswahili, na Historia ya Wilaya ya Bukoba ni kazi yake. Uhuru ulipofika mwaka 1961 yeye alibaki kazini. Serikali mpya ilitaka sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwekwe pamoja, na mzee huyu ndiye aliyekabidhiwa maandalizi. Rasimu ilipelekwa wilayani, ikajadiliwa na wajumbe, na pale walipohitilafiana ilibidi jibu moja lichaguliwe. Mtafiti wa kawaida angeandika majibu yote mawili na kutaja idadi ya walioshika kila upande. Sheria haina nafasi ya jedwali la namna hiyo.

Cory alifariki mwaka 1962, kabla kazi haijatangazwa. Karatasi zake nyingi zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kanuni za mila zilitoka katika Matangazo ya Serikali Na. 279 na Na. 436 ya 1963. Kanuni ya 20 ya urithi ilisema kwamba wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo wataitumia maisha yao yote lakini hawataiuza, ila kama ukoo hauna mwanamume.

Robo karne ikapita. Mwezi Agosti 1988 mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wasia halali, alijiona amezeeka na hana wa kumtunza, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku ya pili yake mwanamume wa ukoo wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mauzo hayo ni batili kwa mila ya Kihaya. Mahakama ikamkubalia, na mama akaamriwa kurudisha fedha. Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na kitabu cha Cory na Hartnoll kikafunguliwa tena, pamoja na kanuni ya 20. Lakini safari hii palikuwa na maandishi mengine mezani: haki za binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa masharti yale yale. Mauzo yakasimama. Mwanamume aliyeshitaki alipewa miezi sita aikomboe ardhi hiyo kwa shilingi 300,000, akipenda.