Maisha ya Bessie Coleman, Rubani

Muhula huu wanafunzi watatu wa kidato cha nne wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza njia ya kuwa rubani wa ndege za abiria. Kisha akafika mzazi wa mmoja wao, akataka kujua kama auze shamba lake la kahawa ili apate karo ya urubani. Mimi ni mwalimu wa hesabu tu, wala sijapata kurusha hata tiara. Basi nimeona afadhali nieleze habari za mtu aliyeipita njia hiyo ilipokuwa na miiba mingi kuliko sasa.

Bessie Coleman alizaliwa tarehe 26 Januari, 1892, Texas, Marekani, katika jamaa ya watu weusi waliolima pamba. Baba yake aliihama nyumba mwaka 1901, na mama akabaki na mzigo wa watoto. Bessie alikwenda shule kwa miguu, maili kama nne, na pamba ilipokuwa tayari kuchumwa masomo yalisimama. Hata hivyo alikuwa hodari wa hesabu. (Wale wanaosinzia katika kipindi changu cha mchana walisome neno hilo mara mbili.) Mwaka 1910 aliingia chuo cha Langston, Oklahoma, lakini baada ya muhula mmoja fedha zikamwishia, akarudi nyumbani kufua nguo za watu.

Mwaka 1915 alihamia Chicago akafanya kazi katika duka la kinyozi, akitengeneza kucha za wateja. Huko ndiko alikoingiwa na hamu ya kuruka. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mweusi, tena ni mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa. Basi akajifunza Kifaransa kwanza, akaweka akiba, na mwezi wa Novemba, 1920, akapanda meli. Ninyi hamtahitaji Kifaransa, lakini Kiingereza ndicho kinachotumika kuzungumza na waongozaji wa ndege katika safari za nchi kwa nchi, na rubani hupimwa kwacho.

Alisoma miezi saba Le Crotoy, katika shule ya ndugu wawili Caudron. Ndege za siku zile zilikuwa za mbao, waya na kitambaa. Tarehe 15 Juni, 1921, akapata cheti, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kukipata.

Sasa wanafunzi wangu nisikilizeni vizuri. Aliporudi nyumbani aliona kwamba cheti si mkate. Mashirika ya kumwajiri hayakuwapo. Kazi ilikuwa ni kuonyesha michezo ya hatari angani, na hiyo hakuijua. Mwaka 1922 akarudi Ulaya kujifunza tena. Leo nako kuna jambo kama hilo. Leseni ya kwanza ya biashara huhitaji saa kama 200 za kuruka, na umri wa miaka 18. Lakini nahodha wa ndege kubwa ya abiria hutakiwa saa 1,500. Kati ya hizo mbili wapo vijana wengi wenye leseni mfukoni na wasio na kazi. Mzazi anayehesabu karo ahesabu na miaka hiyo.

Mwaka 1923 injini ya ndege yake ilizimika hewani huko California, akaanguka na kuvunjika mguu. Alipopona akarudi angani. Alikuwa anakusanya fedha za kufungua shule ya urubani kwa watu weusi, wala hakukubali kuruka mahali ambapo wangefukuzwa mlangoni.

Tarehe 30 Aprili, 1926, huko Jacksonville, Florida, alipanda ndege kuukuu ambayo fundi wake, William Wills, aliileta kutoka Texas ikiharibika njiani. Wills ndiye aliyeiendesha. Bessie hakujifunga mkanda, maana alitaka kuinamia nje atazame uwanja. Spana iliyosahauliwa ilikwamisha mitambo ya kuongozea. Ndege ikapinduka, naye akatupwa nje. Wote wawili wakafa. Alikuwa na miaka 34, na shule yake hakuifungua. Mimi sioni kosa lake kubwa ila hilo moja, kuiamini ndege ile. Miaka mitatu baadaye William Powell alianzisha huko Los Angeles chama cha urubani chenye jina lake.

Yule mzazi nilimwambia aliache shamba kwanza. Kijana apimwe na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, macho, masikio na moyo, kwa kuwa asiyefaulu hapo hata mashamba kumi hayatamrusha. Wamekwenda Jumatatu iliyopita, na majibu bado tunayangoja.