Duke Kahanamoku: Alikataliwa rekodi, baadaye akaokoa watu wanane

LEO mpira tuuweke benchi kidogo. Shabiki wa Ushetu anakutajia kikosi cha Simba au Yanga mpaka wa akiba, lakini muulize bingwa wa kuogelea, atakuangalia tu. Simlaumu. Huku kwetu maji ni ya lambo na majaruba ya mpunga, ziwa liko mbali. Ila huyu jamaa hata mtu wa mpira atamwelewa, maana maisha yake yana goli lililokataliwa, mechi ya marudiano na dogo aliyekuja kumvua mkongwe ubingwa.

Duke Kahanamoku alizaliwa Honolulu, visiwani Hawaii, Agosti 24, 1890. Duke halikuwa jina la utani wala cheo, ndilo jina lake, karithi kwa baba yake aliyekuwa polisi. Shule hakumaliza. Alikulia ufukweni Waikiki, akiogelea na kupanda mawimbi kwa ubao.

Agosti 1911 yaliandaliwa mashindano bandarini Honolulu, kwenye maji ya chumvi. Hakuna bwawa, hakuna mistari. Duke, akikaribia miaka 21 na hana jina popote, akakata yadi 100 (kama mita 91) kwa sekunde 55.4. Rekodi ya dunia akaipunguza kwa zaidi ya sekunde nne! Matokeo yalipofika Marekani bara, wakubwa wa chama wakagoma. Eti saa mbovu, eti mkondo wa maji ulimsukuma. Hapo hakuna VAR, imekwisha.

Wahawaii wakachangishana nauli, mwaka 1912 akapelekwa bara akaonyeshe mwenyewe. Kule Pittsburgh maji yakawa ya baridi, na katika mbio ndefu zaidi akakamatwa na misuli. Tatizo lingine lilikuwa kubwa zaidi: baharini hakuna ukuta. Hakujua kuruka vizuri kwenye kuanza, wala kugeuka akifika mwisho wa bwawa. Mtu mzima mwenye kasi kuliko wote akakubali kufundishwa vitu vya watoto na makocha wa bara. Nadhani hapo ndipo medali zake zilipopatikana, siyo kwenye kipaji peke yake.

Kipaji alikuwa nacho, tusidanganyane. Mtindo wake ni huu tunaouita mtindo huru: tumbo chini, mikono inapokezana. Anayejifunza ukubwani huwa anakunja magoti kama anaendesha baiskeli, anachapa maji kwa nguvu na haendi popote. Duke alipiga miguu kuanzia kiunoni, imenyooka, midundo midogo ya haraka isiyokatika, na mwili ukabaki juu ya maji.

Olimpiki ya Stockholm mwaka huohuo ilikaribia kumpita. Yeye na Wamarekani wenzake hawakuelewa ratiba, wakakosa nusu fainali ya mita 100. Kwenye ligi zetu hapo wapinzani wangepewa pointi za mezani. Lakini Cecil Healy wa Australia, mpinzani wao, akawatetea wapewe nafasi. Wakapewa. Duke akachukua dhahabu, Healy akabaki na fedha. Healy aliuawa vitani mwaka 1918, na watu wengi hawamjui.

Vita hiyohiyo ilifuta Olimpiki ya 1916. Duke alirudi Antwerp 1920, akashinda fainali siku anatimiza miaka 30. Waaustralia wakakata rufaa, mbio zikarudiwa, akawapiga tena. Mwaka 1924 mjini Paris ndipo akakutana na dogo wa miaka 20, Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuigiza Tarzan. Duke akawa wa pili, na mdogo wake, Sam, wa tatu.

Wakati huo mwogeleaji hakuruhusiwa kulipwa, kwa hiyo medali hazikumpa hela. Kuna kipindi aliuza petroli kituoni.

Mechi yake kubwa haikuwa na medali. Juni 14, 1925, pwani ya California, boti ya wavuvi iitwayo Thelma ilipinduliwa na mawimbi. Duke alikuwa ufukweni na ubao wake. Akaingia, akapakia watu, akawarudisha, akaingia tena. Waliookolewa walikuwa 12, wanane kati yao kwa mikono yake, na wenzake wawili wakawatoa waliobaki. Wengine walikufa.

Kanda ya Ziwa hadithi hii haisomwi kama ya mbali. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, MV Nyerere Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la Ukara. Kabla ya Daraja la JP Magufuli, ukitoka Geita kwenda Mwanza ulivuka Busisi kwa kivuko, na ndani humo tulijaa watu wazima tunaojua kushangilia, kuogelea hapana.

Duke alichaguliwa sherifu wa Honolulu mwaka 1934, akashika kazi hiyo zaidi ya miaka 25. Moyo ulimsimama Januari 22, 1968, akiwa na miaka 77. Majivu yake yalimwagwa baharini, palepale Waikiki.