Sugar Ray Robinson, bondia aliyegeuka kipimo cha mabondia wa uzani wote

Kila unapozuka mjadala kuhusu bondia bora kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni, swali la uzani hutangulia. Bondia wa uzani wa unyoya hatakiwi kuzidi kilo 57 na ushei, ilhali yule wa uzani mzito hana mpaka wa juu. Wakikutanishwa wawili hao, mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Ndiyo sababu wachambuzi wa ndondi walibuni kipimo cha kufikirika: mabondia wote wachukuliwe kana kwamba wana kilo sawa, kisha iulizwe ni nani mwenye ustadi mkubwa zaidi. Wazo hilo lilikuwapo zamani, lakini lilienea duniani kwa sababu ya mtu mmoja, Mmarekani Sugar Ray Robinson, aliyefariki dunia mwaka 1989 na ambaye hadi leo huwekwa katika nafasi ya kwanza kwenye orodha nyingi za aina hiyo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Walker Smith. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1921 katika familia ya Wamarekani weusi yenye asili ya jimbo la Georgia, na sehemu ya utoto wake aliipitisha katika mji wa Detroit. Huko alikuwa akimfuata kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa akijifunza ngumi, akimbebea mkoba hadi kwenye ukumbi wa mazoezi. Kijana huyo alikuwa Joe Louis, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito. Wazazi wa Walker walipotengana, mama yake aliwachukua watoto wake watatu na kuhamia Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Hapo kijana huyo aliingia katika ukumbi wa mazoezi uliokuwa chini ya kanisa la Kimethodisti la Salem, akapokewa na kocha George Gainford.

Jina alilojulikana nalo duniani lilikuwa la kuazima. Alipotaka kupigana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya ridhaa, umri wake haukumruhusu kupata kadi ya uanachama. Akapewa kadi ya kijana mwingine aliyeitwa Ray Robinson, akashinda, na jina likamganda. Lile la Sugar, yaani sukari, lilitokana na watazamaji waliosifu utamu wa mapigo yake. Mwaka 1939 alinyakua taji la uzani wa unyoya katika mashindano ya Golden Gloves, na mwaka uliofuata akanyakua la uzani mwepesi. Tangu mwanzo, basi, hakuwa mtu wa kukaa katika daraja moja.

Pambano lake la kwanza la kulipwa lilifanyika tarehe 4 Oktoba 1940 katika ukumbi wa Madison Square Garden. Lilikuwa pambano dogo la utangulizi. Waliosubiriwa usiku huo walikuwa Henry Armstrong na Fritzie Zivic. Armstrong alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: mwaka 1938, zama ambazo ndondi ilikuwa na madaraja manane tu, alishikilia mataji matatu ya dunia kwa wakati mmoja, ya uzani wa unyoya, uzani mwepesi na uzani wa welta. Usiku huo Zivic alimnyang'anya taji la mwisho lililobaki. Robinson, akiwa na umri wa miaka 19, alishuhudia shujaa wake akianguka. Hazikupita siku nyingi akampiga Zivic mara mbili, na mwezi Agosti 1943 alikutana na Armstrong mwenyewe, akamshinda kwa pointi bila kumshambulia kwa nguvu zake zote.

Wakati huo Robinson alikuwa amekwisha kuonja kushindwa. Baada ya ushindi 40 mfululizo, Jake LaMotta alimpiga mjini Detroit mwezi Februari 1943, akimzidi uzito kwa takriban kilo saba. Hiyo ndiyo hesabu ambayo orodha za mabingwa hurudi kwayo tena na tena. Bondia anayetaka kupimwa nje ya daraja lake ni lazima akubali kukutana na watu wazito kuliko yeye, na Robinson alikubali. Alipigana na LaMotta mara sita kwa jumla, akashinda mara tano. Baada ya kipigo hicho alikaa zaidi ya miaka minane na mapambano 91 bila kushindwa.

Hata hivyo, nafasi ya kuwania ubingwa ilichelewa kufika. Ndondi ya Marekani siku hizo ilikuwa mikononi mwa magenge ya wahalifu yaliyopanga nani apigane na nani, na inasimuliwa kuwa Robinson alikataa kushirikiana nayo. Ni mwezi Desemba 1946 tu ndipo alipopata taji la dunia la uzani wa welta, kwa kumshinda Tommy Bell.

Miezi sita baadaye lilitokea tukio ambalo halionekani katika orodha yoyote. Mpinzani wake katika utetezi wa kwanza wa taji hilo, mjini Cleveland, alikuwa kijana aliyeitwa Jimmy Doyle. Usiku wa kuamkia pambano, Robinson aliota kwamba amemuua Doyle ulingoni. Asubuhi alitaka kujitoa, lakini waandaaji walimsihi, na kasisi akaitwa kumtuliza. Katika raundi ya nane konde lake la kushoto lilimlaza Doyle chali. Siku iliyofuata Doyle alifariki dunia. Mbele ya maofisa waliochunguza kifo hicho, Robinson alieleza kwamba kazi yake ilikuwa ni kumtia mpinzani matatani. Baadaye alipata kujua kwamba Doyle alikusudia kumnunulia mama yake nyumba, akatenga fedha kutoka katika mapambano yaliyofuata ili kumsaidia mama huyo.

Tarehe 14 Februari 1951, mjini Chicago, alipanda daraja na kumkabili LaMotta kwa mara ya sita, safari hii kwa taji la uzani wa kati. Mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya 13, LaMotta akiwa amesimama lakini hana tena uwezo wa kujikinga. Robinson sasa alikuwa bingwa wa dunia katika daraja la pili. Kule Harlem alikuwa na mkahawa, kinyozi na biashara nyingine zilizopangana katika barabara moja, na gari lake la Cadillac la rangi ya waridi lilijulikana na kila mpita njia. Alizunguka Ulaya na msafara mrefu wa wasaidizi, akipigana karibu kila wiki. Mwezi Julai mwaka huo alilipia starehe hizo mjini London, pale Mwingereza Randy Turpin alipomshinda kwa pointi. Siku 64 baadaye, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000 jijini New York, Robinson alilirudisha taji lake huku damu ikimchuruzika usoni.

Kisha akajaribu kupanda zaidi. Tarehe 25 Juni 1952 alimkabili Joey Maxim, bingwa wa uzani mzito mwepesi, katika uwanja wa Yankee. Maxim alimzidi kwa takriban kilo saba, na joto lililochochewa na taa za ulingo lilifikia kiasi cha nyuzijoto 40. Mwamuzi alizidiwa baada ya raundi ya kumi, ikabidi mwingine aingie mahali pake. Robinson alikuwa akiongoza waziwazi kwa pointi, lakini baada ya raundi ya 13 hakuweza kuinuka kitini. Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake ya ulingoni aliyoshindwa kabla ya kengele ya mwisho. Kipimo cha kufikirika humwona Robinson na Maxim kuwa na uzito mmoja, lakini usiku ule kilo zile zilikuwa za kweli.

Mwishoni mwa mwaka huo alistaafu na kugeukia jukwaa, akicheza dansi mbele ya hadhira za kulipa. Biashara zake zilipoporomoka na fedha kuyeyuka, alirejea ulingoni mwaka 1955. Mwezi Desemba alimwangusha Bobo Olson katika raundi ya pili na kutwaa tena ubingwa wa uzani wa kati. Mwaka 1957 aliupoteza kwa Gene Fullmer na kuurudisha mwezi Mei kwa konde moja la kushoto ambalo wataalamu wengi hulitaja kuwa kamilifu kuliko mengine yote. Mwaka huohuo Carmen Basilio alimvua, na mwezi Machi 1958, akikaribia umri wa miaka 37, Robinson alimshinda Basilio na kuwa bingwa wa uzani wa kati kwa mara ya tano.

Angeacha hapo, hesabu yake ingekuwa safi zaidi. Lakini kati ya mamilioni ya dola aliyovuna, kilichobaki kilikuwa kidogo mno, akaendelea kupigana hadi mwezi Novemba 1965, akiwa na miaka 44, dhidi ya vijana ambao miaka kumi nyuma wasingethubutu kusimama mbele yake. Vingi kati ya vipigo vyake 19 ni vya miaka hiyo ya jioni. Alimaliza akiwa na ushindi 174 katika mapambano takriban 200, na zaidi ya nusu ya mapambano hayo aliyamaliza kwa kuwaangusha wapinzani.

Muhammad Ali, ambaye wengi humtaja kwanza, alimhesabu Robinson kuwa mfano wake tangu ujanani. Mwaka 1999 shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Robinson kuwa bondia wa karne, na mwaka 2002 jarida la The Ring likamweka juu ya mabondia wote wa miaka 80 iliyotangulia. Waliopiga kura hizo waliangalia mambo ambayo ni vigumu kuyakuta kwa mtu mmoja: kasi ya miguu, uwezo wa kupiga kwa nguvu hata akirudi nyuma, wingi wa wapinzani hodari, na ujasiri wa kuwafuata walio wazito kuliko yeye.

Miaka yake ya mwisho aliishi Los Angeles. Ugonjwa wa kisukari ulimwandama, kisha ugonjwa wa Alzheimer ukamnyang'anya kumbukumbu za ushindi ambao wengine waliendelea kuuhesabu. Alifariki dunia tarehe 12 Aprili 1989, akiwa na umri wa miaka 67. Aliacha taasisi aliyoianzisha mjini humo mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa mitaa ya watu maskini. Miongoni mwa waliopitia michezo yake ni mwanariadha Florence Griffith Joyner, aliyekuja kuweka rekodi za dunia za mita 100 na mita 200. Watoto hao walifundishwa michezo na sanaa za aina nyingi, lakini ndondi haikuwamo.