Maisha ya Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikudembe, Shahidi

Imani yetu hapa Bukoba ilitufikia kutoka Buganda. Mwaka 1892, vita vya Mengo vilipowatawanya Wakatoliki, Askofu Hirth aliingia nchi hii pamoja na baadhi ya waamini waliokimbia, akaanza misioni ya Kashozi. Waamini hao walitoka katika Kanisa lililokwisha kumwaga damu, na Mkatoliki wa kwanza kuimwaga ni huyu Yosefu Mukasa. Basi yafaa watu wa Bukoba na Muleba wamjue, maana katika yubilei twawakumbuka waliotutangulia.

Yosefu alizaliwa Buganda yapata mwaka 1860. Akiwa kijana bado alipelekwa ikulu kumtumikia Kabaka Mutesa, naye kwa uaminifu wake akawekwa karibu sana na mfalme. Mapadre Weupe walipofika mwaka 1879 akaenda kwao kujifunza dini, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Kabla ya mwaka ule kwisha mapadre walilazimika kuondoka, wakakaa Bukumbi, kusini ya ziwa, hata Julai 1885. Siku hizo zote Misa haikuwako. Yosefu akawakusanya Wakristo wa ikulu, akawafundisha, akasali nao. Nasi walimu wa dini twanung'unika padre akikawia miezi miwili!

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Huyu alimpenda Yosefu, akamweka kuwa mkuu wa watumishi wa nyumba yake. Mtu mwingine angalifumba kinywa asije akapoteza cheo kama hicho. Lakini Mwanga aliwataka vijana wa ikulu kwa mambo ya aibu, na Yosefu aliwaonya wakatae, akawaepusha na macho ya mfalme kadiri alivyoweza. Tena alipata habari kwamba Katikiro, mkuu wa mawaziri, alifanya shauri la kumwondoa Kabaka, akamwonya bwana wake. Mwanga akamsamehe Katikiro, bali Katikiro hakumsamehe Yosefu.

Mwezi wa Oktoba 1885 ikasikika ya kuwa Askofu Hannington wa Kanisa la Kiingereza anakuja kwa njia ya Busoga, naye Mwanga akaamuru auawe. Askofu yule hakuwa wa dini ya Yosefu, wala Yosefu hakuwa na faida yo yote katika kumtetea. Hata hivyo alikwenda mbele ya mfalme, akamsihi kwa heshima asimwue mgeni asiye na kosa, akamkumbusha kwamba baba yake Mutesa hakuwaua wageni weupe. Wala hakuwatuma watu wengine wakaseme, wala hakumsengenya mfalme uani. Mwanga akaona amefedheheshwa. Hannington akauawa tarehe 29 Oktoba.

Baadaye Mwanga akaugua, akapewa dawa na Padre Lourdel, yule aliyeitwa Mapera. Hali ilipozidi, akashuku ametiliwa sumu kwa shauri la Yosefu. Katikiro akapata alichokitafuta.

Jumapili tarehe 15 Novemba 1885 asubuhi Yosefu alipokea Komunyo Takatifu, kisha akakamatwa. Hakutaka kufungwa mikono, kwa kuwa hakukusudia kukimbia. Akamwagiza mwuaji ampelekee Mwanga habari kwamba amemsamehe kwa moyo wote, ila atubu. Asipotubu, watakutana mbele ya Mungu kuhukumiwa. Nadhani hapa ndipo unyenyekevu wake waonekana kuliko po pote: alimwombea aliyemwua, wala hakumficha dhambi yake. Wakamkata kichwa huko Nakivubo, wakauchoma mwili wake.

Mwanga alidhani vijana wataogopa. Siku ile ile Karoli Lwanga na wenzake wakawaendea mapadre, wakaomba ubatizo, wakabatizwa. Na juma lile waliobatizwa wakapita mia moja. Lwanga akashika kazi ya Yosefu ya kuwalinda vijana, hata naye akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wote wawili, pamoja na wenzao ishirini, walitajwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.