Maury, Ofisa Aliyewapa Manahodha Ramani Bila Malipo
Matthew Fontaine Maury alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1806. Ajali ya gari la farasi mwaka 1839 ilimvunja mguu na kumzuia kurudi baharini. Mwaka 1842 alikabidhiwa ofisi ya ramani ya Jeshi la Wanamaji jijini Washington, akakuta madaftari ya safari za meli yamerundikwa bila kutumika. Humo alichambua mwenendo wa upepo na mikondo, na mwaka 1847 akaanza kutoa ramani. Nahodha hakulipa fedha, bali alirejesha kumbukumbu za safari yake, sharti jepesi kuliko bei yoyote. Safari ya New York hadi San Francisco, kupitia Rasi ya Horn, ilipungua kwa wiki kadhaa. Mwaka 1853 mataifa yalikubaliana mjini Brussels namna moja ya kuandika kumbukumbu hizo. Mwaka 1861 Maury aliiacha ofisi hiyo, akajiunga na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Alifariki dunia mwaka 1873.