Bede na Ukokotoaji wa Nyakati
Bede alizaliwa yapata 673 huko Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, na tangu umri wa miaka saba alilelewa na watawa wa Wearmouth na Jarrow. Tarehe ya Pasaka ilikuwa imewafarakanisha watu wa ufalme huo: kabla ya sinodi ya Whitby ya 664, mfalme aliweza kusherehekea ilhali malkia angali katika mfungo. Hesabu, basi, ilikuwa suala la imani. Mnamo 708 Bede mwenyewe alishutumiwa uzushi, kwa kuwa alikadiria miaka 3952 tangu kuumbwa ulimwengu hadi kuzaliwa Kristo, badala ya zaidi ya 5000 iliyozoeleka. Alijitetea kwa barua yenye ghadhabu, hesabu hakuibadili. Aliirudia mwaka 725 katika kitabu kipana kuhusu nyakati, ambamo pia (na hili mwanaisimu hawezi kulipuuza) alihifadhi majina ya miezi ya Waingereza wa kabla ya Ukristo. Historia yake ya 731 iliyapanga matukio kwa miaka tangu kuzaliwa Kristo, utaratibu ulioasisiwa na Dionysius Exiguus katika karne ya 6, na nakala zake zikaueneza Ulaya. Alifariki Mei 735, angali akitafsiri Injili ya Yohana kwa lugha ya watu wake.