Robert Koch, Mchunguzi wa Kimeta na Papasi

Mwalimu atakayepangwa kufundisha Kerenge, wilayani Korogwe, atakuwa jirani ya milima ya Usambara, na katika milima hiyo alipata kufanya kazi mmoja wa waasisi wa elimu ya bakteria duniani, Mjerumani Robert Koch. Vitabu vya shule aghalabu humtaja kwa sentensi moja tu, kwamba aligundua kijidudu cha kifua kikuu. Ni kweli, lakini sentensi hiyo humwacha mwanafunzi akidhani kuwa bakteria ni uchafu mdogo usio na mwenendo wowote. Sisi tunapenda kuyaeleza maisha yake kwa upande mwingine: jinsi alivyowachunguza bakteria kama viumbe wanaobadili shughuli zao kufuatana na hali inayowazunguka.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini, akasomea uganga Göttingen. Alipokuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na hadubini, zawadi ya mkewe, na nafasi kidogo nyumbani. Mifugo ya eneo lile ilikuwa ikifa kwa kimeta. Koch alichonga vijiti vya mbao, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akawaambukiza panya. Kisha akawakuza bakteria wale katika tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akakaa kuwatazama saa baada ya saa.

Aliona bakteria wenye umbo la fimbo wakirefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea punje zinazong'aa, zimepangika kama shanga. Hizo ndizo spora. Hali ikiwa mbaya, bakteria wa kimeta hujifungia katika ganda gumu na kusimamisha karibu shughuli zake zote. Akiingia tena katika mwili wenye joto na chakula, huamka. Kwa sababu hiyo malisho huweza kuua mifugo miaka mingi baada ya mzoga kuoza. Kwa sababu hiyo pia mzoga wa kimeta haupasuliwi wala hauchunwi: ukiwa mzima, bakteria waliomo hukosa hewa ya kutengenezea spora, lakini damu ikimwagika nje huzitengeneza kwa wingi. Somo hili lifundishwe kikamilifu penye watoto wa wafugaji. Mwaka 1876 Koch alikwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake, na tangu hapo akajulikana.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya ugonjwa huo, tuberkulini, ambayo haikuponya. Baadaye ilifaa kwa kupimia maambukizo tu.

Afrika Mashariki alifika kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria pwani na Usambara. Aliporudi mwaka 1905 alifanya kazi pia katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902. Safari hiyo alishughulikia homa ya papasi, wale kupe wajifichao katika nyufa na sakafu za udongo. Wataalamu waliokuwa Uganda na Kongo walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa papasi ndio waenezao homa hiyo. Koch akawaona bakteria hata ndani ya mayai ya papasi, maana yake mama huwarithisha watoto wake. Homa hiyo hupoa, kisha hurudi. Leo twajua sababu: bakteria hubadili protini za ngozi yake ya nje, na kinga ya mwili iliyokwisha kumzoea humpotea.

Mwishoni mwa mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, kutibu malale kwa dawa ya atoksili, yenye arseniki. Alipoona haitoshi aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Waliopofuka walikuwa Waafrika waliomjia wakitafuta uzima. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili darasani. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Kazi yake juu ya kipindupindu, aliyoifanya Misri na Kalkuta mwaka 1883 na 1884, tumeiacha makusudi hadi hapa. Koch alimtambua bakteria mwenye umbo la mkato, lakini hakuweza kujua kuwa bakteria hao hupashana habari. Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa bakteria fulani wa baharini hawang'ai mpaka wawe wengi, kwa kuwa kila mmoja hutoa kemikali ambayo, ikizidi, huwaamsha wote. Mwaka 2002 ilionyeshwa kuwa wa kipindupindu nao huhesabiana hivyo, ila kinyume: wakiwa wachache hushikamana na utumbo na kutoa sumu, wakizidi huacha.

Kwa darasa la tano tunashauri mchezo huu. Wanafunzi watano washikane mikono kuzunguka kibuyu kilichokatwa, chenye alama ndani. Kila mwalimu apigapo kofi, kila mmoja atie punje moja ya mahindi, na mwalimu achote punje tano kwa kijiko, mfano wa maji yachukuayo kemikali. Kibuyu hakitafika alama. Waongezwe mmoja mmoja hadi ishirini, mchezo ukiendelea. Punje zikigusa alama, wote waachane mikono na kwenda mlangoni. Baada ya hapo waulizwe ni nani aliyetoa amri.